Kanda Isiyo na Kwaya

Mabawe, jioni. Hujarudi bado.

Mwanangu Evodi,

Asubuhi umetoka bila kuniamkia. Nimekusikia ukiitoa baiskeli ukutani taratibu kama mwizi, nikasema moyoni, ngoja nione kama atathubutu. Ukathubutu. Basi naanza mimi: marahaba. Shikamoo yenyewe nitaidai kesho kituoni, mbele ya watu wote wa basi.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kihangaza changu kwako ni cha kukutuma maji na kukugombeza, na nikikiandika nitaishia kukuuliza kama umefunga mbuzi. Tena sitaki kukuambia habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala uangalie mfuko wako basi likisimama Biharamulo. Hayo baba yako atakuambia njia nzima, na nijuavyo mimi, mkifika kituoni atayaanza upya. Mimi nataka tuumalize ugomvi wetu wa jana, na kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo huwa nashinda hata pale ambapo sina haki, unanijua.

Jana ulisema kanda imekwisha. Nikasema bado, gitaa linameza maneno, tushushe kidogo pale katikati. Ukaweka hedfoni chini, ukaniangalia, ukasema, "Mama, wewe hutaki wimbo huu uishe. Ukiisha naondoka, ndiyo maana." Nami nikajibu haraka kama kawaida yangu, "Ondoka basi, nani kakushika?"

Tangu hapo sina raha. Leo nimefagia uwanja, nikaufagia tena. Nimechambua maharage yaliyokwisha chambuliwa. Kila baiskeli ikipita barabarani nachungulia, ilhali najua kabisa uko Kibimba unawaaga rafiki zako na hawatakuachia mpaka ule. Baba yako amenitazama akacheka, akasema, "Mke wangu, keti, utachimba handaki hapo uwanjani." Nikamwambia akatazame ndizi zake.

Najua kinachotuuma sote wawili. Yule bwana wa studio huko Mwanza amesema atasikiliza wimbo mmoja, kwenye kanda moja, halafu ndipo aamue kama atakuchukua akufundishe kazi au akuambie urudi ulikotoka. Wimbo ni mmoja, lakini kanda zake zimejaa kopo zima la maziwa ya unga, na kila kanda imeharibika kwa namna yake. Nyingi zimeharibika kwa mkono wangu. Nataka nikueleze nilivyoziharibu, maana kazi unayoiendea ni hiyo hiyo, ya kukaa mbele ya sauti za watu na kuamua nani asikike.

Nakumbuka siku ulipoileta mashine. Ulikuwa unaosha malori kule yadi ya misaada karibu na kambi ya wakimbizi, na yule fundi Mzungu mwenye ndevu alipomaliza mkataba wake akakuachia, pamoja na gitaa la umeme lenye ufa na mfuko wa kanda za roki. Ukaja umeikumbatia kifuani. Nikauliza, hiyo ni redio? Ukasema, "Hapana, Mama. Redio inatuletea sauti za wenzetu. Hii inachukua za kwetu." Ukanionyesha kwamba kanda ni ya kawaida tu, lakini mashine inaigawa njia nne, kila njia ina sauti yake, na kila njia ina kitufe cha kutelezesha: ukipandisha sauti inapanda, ukishusha inashuka. Nikasema moyoni, kumbe hii ni kwaya! Soprano, alto, tenori na besi wamekaa mstari mmoja wanangoja mkono wa mwalimu. Hapo ndipo nilipojiingiza, na hujaweza kunitoa mpaka leo.

Roki yenyewe sikuipenda, nisikudanganye. Miaka yote hii nafundisha kwaya ya kigango, nimezoea sauti iliyooga na kuvaa nguo safi. Zile kanda za Mzungu mimi nilisikia mtu aliyebanwa kidole na mlango. Lakini siku mlipoketi uwanjani wewe na Fideli mkanipigia "Turubai", wimbo mlioutunga wenyewe, nilinyanyuka, nikaenda jikoni. Ulidhani nimechukia. Sasa nikwambie kwa nini niliondoka.

Fideli alikuwa amenisimulia kiini cha wimbo huo kabla yako. Unakumbuka alivyokuja: kijana wa kambini, kutoka ng'ambo ya Ruvubu, alikuja kuomba kibarua cha kuchuma kahawa. Wakati wenzake wanapumzika yeye alikuwa anageuza madebe ya mafuta ya msaada na kuyapiga kwa vijiti, na pipa la plastiki analipiga kwa kisigino. Aliniita Mama tangu siku ya kwanza, maana wa kwake hakuwa naye tena. Siku moja mvua imetukamata wote chini ya upenu wa stoo, akaniambia kwa ile r yake inayogeuka l, "Mama, mvua ikipiga tulubai, mtu analia na aliye pembeni yake hasikii. Ndiyo laha ya mvua." Alikuwa anasema kwa furaha, kana kwamba ananionyesha kitu kizuri alichookota. Kwa hiyo nilipousikia wimbo wenu, zile ngoma zake nilizijua. Ilikuwa ile mvua. Nikaenda jikoni kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi silii mbele ya watoto.

Ungedhani mtu aliyeujua wimbo namna hiyo angeuacha ulivyo. Sikuuacha.

Siku ya kuurekodi nakumbuka tulivyoingia stoo, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na utulivu, barabara imejaa malori ya misaada kutwa. Kahawa ilikuwa haijauzwa, magunia yamefika darini, na ninyi mmejibana katikati. Nilipanda juu ya magunia nikawapigia mkono kama kanisani ili msikimbizane. Betri ya gari iliyokuwa inaendesha mashine ilikuwa imebaki na chaji kidogo, na ndiko tulikojifunza ile tabia yetu ya kubana: gitaa likikata tu, mtu anabonyeza kitufe, mashine inazimwa. Wakati wa kurekodi kidole kiliweza kuchelewa kidogo, lakini wakati wa kusikiliza hakikuchelewa, gitaa likikata, zima. Shika hilo, nitalirudia.

Halafu tukakaa mle mle kuchanganya. Ukapandisha hiki ukashusha kile, mimi nikasema sauti yako iko mbali, imefunikwa na kitu, ipe makali. Ukaipa makali. Nikasema na vile visahani vya bati anavyogonga Fideli havilii, vipe makali navyo. Ukavipa. Mle ndani ikawa tamu kabisa. Ile ndiyo Kanda ya Kahawa, na sisi tulidhani tumemaliza kazi.

Tukaibeba mpaka Nyarubungo kwa shangazi yako, kwenye kipaimara cha mwanawe. Unakumbuka mume wa shangazi alivyoiweka kwenye ile redio yake kubwa, akawanyamazisha wazee, akatangaza kwamba sasa mtasikia kijana wetu. Ee Mungu wangu! Ile kanda ililia kama bati linalokwaruzwa. Watoto wakaziba masikio. Mzee mmoja akauliza kama redio imeingia maji. Wewe ulisimama pale umeshika soda, jasho linakutoka, na mimi, badala ya kukusogelea, nikaanza kuwaeleza watu kwamba kosa ni la redio.

Kosa halikuwa la redio. Kahawa ilipokuja kuchukuliwa na stoo ikabaki tupu, tulipiga kanda ile ile mle mle na ikalia bati kama kule Nyarubungo, ndipo ukapiga paji lako la uso. Ni magunia! Kahawa ilikuwa inakula makali yote ya sauti, nasi tukawa tunaongeza na kuongeza kuishibisha. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Kwa hiyo mwaka huu tumeiuza pamoja na nyimbo."

Ukifika huko, Evodi, utakuta chumba kina mazulia ukutani na spika zinazong'aa, utadhani pale hakuna magunia. Magunia yapo kila chumba, ila hayaonekani kwa mtu aliyezoea kukaa humo. Mimi nilijifunza kutoka nje, nikasimama jikoni mlango ukiwa wazi, nikasikiliza huku nakatakata mboga. Vitu vingi vilivyokuwa vinanisumbua nikiwa ndani sikuvisikia kabisa jikoni, na vile nilivyovisikia jikoni ndivyo vilikuwa kosa kweli. Sijui kama ni ufundi huo. Ndivyo nilivyofanya.

Laiti ningeishia hapo. Lakini unanijua, mkono wangu haukai. Tukatandika mablanketi ukutani, ukatoa kanda nyingine, nzuri tu, Fideli mwenyewe alicheza nayo. Nami nikasema imepungukiwa. Imepungukiwa na nini, Mama? Nikasema imepungukiwa na watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona wivu. Wimbo ule ulikuwa unaniliza, na mimi simo ndani yake. Niliwataka akina mama wa kwaya yangu waimbe ile "Turubai, usilie" kwa sauti nne, tupandishe pale mwisho, tushikilie kama tunavyoshikilia kwenye Pasaka.

Ukaniambia njia zimejaa. Ngoma ziko kwenye yake, besi uliyoipiga kwa nyuzi nene za gitaa kwenye yake, gitaa lenyewe, na sauti yako. Nikasema wewe ni fundi, tafuta nafasi. Nawe kwa sababu ni mama yako amesema, ukaitafuta. Ukaifuta sauti yako kwanza, ukasema utaimba upya. Halafu ukahamisha ngoma na besi pamoja kwenye njia moja, na njia zao za zamani zikafutwa, wewe ukapata moja na kwaya ikapata moja. Kabla hujafuta ulimgeukia Fideli, ukamwambia zikishaoana hizi haziachani tena, hatuwezi kupandisha ngoma peke yake. Akacheka. "Hakuna shida. Nitapiga tena wakati wowote." Mimi nilikuwa mlangoni nawaita akina mama waingie. Nilisikia, na sikuona kuwa kuna la kufikiri.

Tuliimba vizuri, hilo siwezi kukana. Ulipowapigia ile kanda ya kwaya akina mama walipiga vigelegele na mama Koleta akataka wairushe redioni siku hiyo hiyo. Fideli alikaa kwenye pipa lake, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, "Vipi, mwanangu, si imependeza?"

Akasema, "Imependeza sana, Mama. Ni nzuli." Halafu akakuna kichwa. "Ila mvua imekatika."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Nikampa chai.

Majina ya watu wa kurudi kwao yalisomwa kambini baada ya hapo, na lake lilikuwemo. Alikuja kutuaga asubuhi na shati lile la kijani ulilompa, malori yalikuwa yanangoja. Betri ilikuwa imepelekwa kuchajiwa, hata tungetaka apige tena tusingeweza. Mlishikana mikono mkatazama chini kama wanaume wanavyofanya. Kwangu akaja akainama, "Shikamoo, Mama," nikasema marahaba, nikamfungia viazi. Akauliza, "Wimbo umekwisha?"

Nikamjibu, "Bado kidogo, mwanangu."

Evodi, jibu lile limenikaa kooni mpaka leo. Kijana anaondoka, hajui anakokwenda kama kuna nyumba au ni pori, na kitu pekee alichotuuliza ni hicho. Ningeweza kusema ndiyo. Ingenigharimu nini? Nikamwambia bado, kwa sababu kweli nilikuwa nadhani bado.

Tangu aondoke hakuna kanda iliyotoka sawa. Ngoma ukizitaka juu, besi inakuja nazo inavimba chumba kizima. Ukiipunguza besi, mvua inapotea. Umejaribu kuchuja, umejaribu kupiga madebe wewe mwenyewe juu yake, ikawa watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kuelewana. Hukuwahi kunilaumu. Ungenilaumu ningekujibu, tungegombana, tungekula. Uliendelea tu kutelezesha vitufe, na mimi nikakaa pembeni yako nikisema pandisha, shusha, bado, bado kidogo. Kopo la maziwa likajaa.

Ngoja nikusimulie jambo moja la nyumbani kwetu, halafu nikuachie. Nilipokuwa msichana masista walikubali kunichukua kwenye shule yao, nikajifunze muziki na kinanda. Gari lao lilikuwa lipite asubuhi barabarani. Mama yangu, bibi yako unayemjua kwenye picha, alitaka niende na kikapu nilichosuka mwenyewe, nisiende mikono mitupu. Nikasuka, nikampa. Akakigeuza akasema ukingo umeenda upande, fumua. Nikafumua nikasuka. Akasema sasa kifuniko hakikai. Gari la masista lilisimama barabarani, likapiga honi, nami nimekaa chini na ukindu mdomoni, na mama anasema wangoje, bado kidogo. Hawakungoja. Nafasi wakapewa wengine, na kinanda mimi nimekigusa siku za kufuta vumbi kanisani tu.

Hadithi hii nimekusimulia wewe na wanakwaya wangu mara nyingi, na kila mara nasema mama alinifundisha kazi isiyo na dosari. Leo wakati nafagia ule uwanja imenijia ghafla, nikasimama na ufagio mkononi. Mama hakuwa anaangalia ukingo. Kikapu kilikuwa kizima tangu mara ya kwanza. Alikuwa anaogopa ile honi.

Na mimi naiogopa. Hapo, nimesema. Jana ulisema kweli na nilikujibu vibaya kwa sababu ulisema kweli. Wimbo ule ulikuwa kamba niliyokufungia mguuni, na kila nilipoona inalegea nilikuwa naongeza fundo. Nimekosea, mwanangu. Na ninaogopa sana kesho, nyumba hii itakuwa kimya namna gani sijui. Baba yako atanuna wiki nzima halafu atasema ni kichwa kinamuuma.

Basi mchana huu nimeingia stoo peke yangu. Usikasirike, sikugusa kanda mama, ile yenye njia zote nne, nimeiweka tu kwenye mashine, nikaunganisha ile redio ya baba yako kurekodia kama nilivyokuona unafanya, na kanda mpya niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya nyimbo za Krismasi. Nimeshindwa na nyaya, nikatukana, nikaweza. Nikavaa hedfoni. Nikavitazama vile vitufe vyote, nikaanza kama tunavyoanza siku zote: gitaa chini kidogo, sauti yako juu kidogo. Ikawa ile ile. Nikasimamisha, nikarudisha nyuma. Nikajiuliza, katika hawa wote waliomo humu, nani akitoka mvua itarudi?

Nilijua jibu kabla sijamaliza kujiuliza. Nikashika kitufe cha kwaya, cha akina mama wangu, cha sauti yangu mwenyewe niliyoipenda pale juu kabisa, nikakishusha. Kwanza nusu. Halafu nikakishusha mpaka chini kabisa, mpaka kikagonga.

Evodi, ilinyesha.

Besi ilikuwa imevimba bado, haiwezi kuponywa, lakini kumbe haikuwa na tatizo, ni kwaya ndiyo iliyokuwa imechukua nafasi yote ya kupumulia. Gitaa lako nililipandisha. Ndiyo, mimi. Nikalipandisha mpaka maneno yako yakaanza kuzama, pale unapoimba kuhusu mdogo wake Fideli aliyelia chini ya turubai, sikuelewa hata nusu ya neno, na nikaacha hivyo hivyo. Miaka yote nimewafundisha watu kutamka. Wimbo huu ni wa mtu anayelia bila kusikika, nami nilikuwa nang'ang'ana asikike! Nilikaa chini sakafuni pale, nikacheka na kulia kwa pamoja, kuku wakaja mlangoni kunitazama.

Gitaa likakata. Unajua ambavyo huwa. Mkono wangu ulikuwa mbali na mashine, nilikuwa nafuta macho na khanga, sikuwahi kuzima. Kanda ikaendelea. Pale ambapo kwaya yangu huwa inashikilia ile sauti ndefu ya Pasaka na kufunika kila kitu palikuwa pamebaki uwazi, na kwenye njia ya ngoma nikasikia kijiti kinawekwa juu ya debe. Pipa likasogezwa. Halafu Fideli, karibu kabisa na maiki, anahema, anauliza:

"Mama, tuludie?"

Nilivua hedfoni nikatazama nyuma yangu. Kweli nilitazama. Halafu nikavaa haraka nikarudisha kanda nyuma, nikasikiliza tena, maana mara ya kwanza sikusubiri kusikia kama alijibiwa. Sijui kama wewe uliwahi kufika hapo. Kama uliwahi na ukakaa nayo peke yako muda wote huu bila kuniambia, Mungu akubariki kwa huruma yako.

Kanda hiyo nimeitia kwenye mfuko wa koti lako, wa ndani, nimeushona juu nyuzi chache utazikata kwa meno. Mashine yenyewe nimeifunga kwenye blanketi la kijivu, iko mlangoni, uende nayo. Nilikuwa nimepanga kukuambia iachwe nyumbani isiharibike njiani, na ulikuwa umeshakubali, najua. Hapana. Mimi nina kinanda cha kanisani cha kufuta vumbi. Ukiona kanda yangu haifai, ichanganye upya kwa namna yako, wala usinitumie nisikilize kabla. Mtu wa Mwanza akikuuliza wapigaji ni akina nani, mtaje Fideli kwanza.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, nadhani ni wewe unapanda kilima. Nimekuwekea chakula, ule tena hata kama umeshiba huko. Nitakuwa nimelala, au nitajifanya nimelala, usinisemeshe. Barua hii isome basi likishapita Lusahunga, si kabla, nisije nikakuona unarudi.

Na wimbo usikilize mpaka mwisho, usizime gitaa likikata. Utamsikia anauliza turudie. Subiri kidogo. Kuna mwanamke anajibu kutoka juu, kwenye magunia ya kahawa. Sauti yake imechangamka, utadhani si mimi, utadhani ni mtu ambaye hajawahi kuogopa honi maishani mwake. Anasema:

"Hapana, mwanangu. Imetosha hapo hapo."

Mama yako